Mahali pa Kukomea: Urefu wa Mvuto katika Upinde wa Roda

Urefu wa mvuto ni umbali kati ya ugwe na mpini wa upinde pale mpigaji anapokuwa amevuta hadi mwisho, ametulia, na mshale unangoja kuachiwa. Katika upinde wa mti mmoja umbali huo huamuliwa na mwili. Mkono wa mbele ukishanyooka na wa nyuma ukagusa shavu, mvuto umekwisha. Hakuna kitu kwenye upinde wenyewe kinachomwambia mtu aishie hapo, isipokuwa urefu wa mshale wake na hofu ya kuuvunja mti. Mhadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, anayejichongea upinde wake, hana haja ya kuuandikia namba. Upinde wa roda, ule ambao wengi huuita kampaundi, una tabia nyingine. Mwisho wake hupangwa na fundi kabla ya mpigaji kuushika, na mwisho huo ukifika ugwe haurudi nyuma tena hata kwa upana wa kucha. Wapigaji huuita ukuta. Kutafuta urefu wa mvuto ni kutafuta mahali pa kuusimamisha ukuta huo.

Upinde wenyewe ni wa juzi. Holless Wilbur Allen, Mmarekani wa jimbo la Missouri, aliomba hataza yake mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Kero aliyoitatua ni kongwe kuliko maandishi: upinde wa kawaida huzidi kuwa mzito kadiri unavyovutwa, na uzito huo hufikia kilele wakati uleule ambao mpigaji anahitaji kutulia ili alenge. Allen alifunga roda kwenye ncha za upinde, na ekseli za roda hizo akaziweka pembeni badala ya katikati. Roda ya namna hiyo inapozunguka, wenzo unaomsaidia mvutaji hubadilika njiani. Mwanzoni ni mfupi, na upinde unakuwa mzito upesi. Kisha unarefuka, na karibu na mwisho uzito unaporomoka. Pinde za siku hizi, ambazo roda zake si duara tena bali zimekatwa kwa mikunjo iliyopigiwa hesabu, humpunguzia mpigaji kati ya asilimia 65 na 90 ya uzito wa kilele. Upinde wa ratili 60, sawa na kilo 27, ukiwa na nafuu ya asilimia 80 humwachia mtu ratili 12 tu za kushikilia, yaani kilo tano na nusu hivi. Kwa mzigo huo anaweza kukaa, akapumua, akalenga bila kutetemeka.

Nafuu hiyo ina bei yake, na bei hiyo ndiyo kiini cha habari yote. Roda huzunguka hadi kiwango fulani tu. Kabla ya kiwango hicho uzito bado ni mkubwa. Baada yake hakuna pa kwenda. Katikati pana eneo jembamba la utulivu, ambalo wapigaji huliita bonde, na anayelegea akatoka humo hushtukia roda zinarudi mbele kwa nguvu na kuuvuta mkono wake pamoja nazo. Aliyepewa wepesi, basi, amenyang'anywa hiari. Mwenye upinde wa mti akichoka anaweza kuvuta pungufu kidogo. Mshale utaanguka karibu zaidi, lakini utaondoka. Mwenye upinde wa roda hana budi kukomea upinde unapokomea. Ukuta ukiwa karibu mno au mbali mno, mwili ndio utakaojikunja au kujinyoosha kuufuata, na mwili uliolazimishwa haurudii jambo lilelile mara nyingi. Katika mchujo wa mashindano ya kimataifa kampaundi hupigwa kutoka mita 50, mishale 72 kwa kila mtu, na duara la alama kumi lina upana wa sentimita 8. Hapo ndipo nusu inchi ya ukuta uliokosewa inapoanza kuhesabiwa.

Wapigaji wa upinde wa Olimpiki, usio na roda, walilikabili tatizo hilohilo kwa njia yao. Hufunga kipande chembamba cha chuma kwenye kiunzi cha upinde, na mshale huvutwa chini yake. Ncha ikishapita, chuma hugonga kwa sauti kali, na sauti hiyo ndiyo ruhusa ya kuachia. Urefu wa mvuto unalindwa na sikio. Tofauti ni kwamba anayetumia chuma hicho anaweza kukisogeza kwa bisibisi dakika mbili kabla ya zamu yake, ilhali ukuta wa kampaundi hauhami kirahisi hivyo. Kampaundi nayo imepangwa kuingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028, katika shindano la timu mchanganyiko za mwanamume na mwanamke.

Namba inayoandikwa kwenye upinde ina kanuni yake. Watengenezaji wa Marekani walikubaliana kupima kutoka kwenye ugwe, pale mshale unapopachikwa, hadi sehemu ya ndani kabisa ya mpini, kisha kuongeza inchi moja na robo tatu, yaani sentimita 4.4. Nyongeza hiyo humshangaza kila anayeisikia kwa mara ya kwanza. Kinachofanyika ni kukisogeza kipimo hadi karibu na uso wa mbele wa upinde, upande unaotazama shabaha. Anayejipima kwa futi kamba akaisahau huagiza upinde mfupi kwa inchi hiyo na robo tatu, kasoro kubwa kiasi kwamba hataweza kuuzoea. Hata hivyo, namba ya kwenye kibandiko isichukuliwe kama kauli ya mwisho. Hutokea upinde ulioandikwa 28 ukapimwa na kukutwa na 28 na nusu, na ugwe uliotumika sana hurefuka kidogo na kuusogeza ukuta nyuma bila mwenyewe kuambiwa.

Njia inayojulikana zaidi ya kuanzia ni pima. Mtu husimama wima, hunyoosha mikono yote miwili kando bila kujivuta, viganja vikitazama mbele, na mwenzake hupima kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ncha ya kidole cha kati cha mkono mwingine. Ndiyo pima ileile ambayo mabaharia wa Pwani walipimia kina cha maji. Urefu huo hugawanywa kwa 2.5. Mwenye pima ya inchi 70, karibu sentimita 178, anapata mvuto wa inchi 28. Ipo hesabu ya pili, isiyo maarufu sana: toa inchi 15, kinachobaki kigawanye kwa 2. Mtu yuleyule anapata inchi 27 na nusu.

Inafaa kuzilinganisha hesabu hizo, kwa kuwa kasoro ya ile ya kwanza haionekani mpaka zote mbili ziwekwe pamoja. Kwa mtu mrefu mwenye pima ya inchi 75 hukubaliana kabisa. Zote mbili zinampa 30. Kwa mwenye pima ya inchi 64, sawa na sentimita 163 hivi, ya kwanza inampa 25.6 na ya pili 24.5. Tofauti inapita inchi moja, na anayebebeshwa tofauti hiyo ni mtu mfupi, maana hesabu iliyozoeleka ndiyo inayomwongezea. Wanawake wengi na vijana wanaokua huanza mchezo huu na upinde uliowazidi kwa sababu hiyo tu, kisha huambiwa kwamba hawajui kusimama.

Sababu iko wazi mtu akitazama ni viungo gani vinavyofanya kazi. Pima hukusanya vidole vyote viwili vya kati, viganja, mikono, mabega na kifua. Mvuto hautumii vyote hivyo. Mkono wa mbele huishia kwenye mzizi wa kidole gumba, pale mpini unapokaa, na wa nyuma huishia tayani. Vidole virefu huiongeza pima bila kuuongeza mvuto hata kidogo. Shingo ndefu, taya pana, mabega yaliyobanana, kiwiko ambacho hakikunjuki sawasawa kwa sababu kiliwahi kuvunjika utotoni: hayo yote hubadilisha jibu, na hakuna hata moja linaloonekana kwenye futi kamba. Hesabu ni ya kuanzia tu, mfano wa kitambaa ambacho fundi hukikata akaacha akiba ya mshono.

Na wapo ambao hesabu haiwagusi kabisa. Matt Stutzman wa Marekani alizaliwa bila mikono. Hupiga akiwa ameketi, upinde ameushika kwa mguu, kifyatulio, kifaa kinachoushika ugwe na kuuachia, kimefungwa kwenye mkanda unaozunguka bega lake, na taya ndiyo inayoachia mshale. Alipata medali ya fedha London mwaka 2012 na ya dhahabu Paris mwaka 2024, katika Michezo ya Paralimpiki. Sheetal Devi wa India, naye asiye na mikono, alitwaa shaba kwenye michezo hiyohiyo ya Paris akiwa na Rakesh Kumar katika timu mchanganyiko. Kwa wapigaji hawa mvuto hupimwa kati ya wayo na bega, na goti ndilo linalofanya kazi ya kiwiko cha mbele. Hakuna pima ya kugawanya kwa 2.5. Kilichobaki ni kumtazama mtu mwenyewe akiwa amevuta na kusogeza ukuta mpaka mwili utulie, na kwa kweli hiyo ndiyo njia iliyopaswa kutumika kwa kila mtu.

Hatua ya katikati, kati ya futi kamba na upinde halisi, ni mshale wenye alama. Duka au klabu huwa na upinde mwepesi usio na nafuu, na mshale mrefu uliochorwa mistari ya inchi. Mgeni huvuta, hutulia, na aliyesimama pembeni husoma mstari uliofika mbele ya upinde. Njia hii ni bora kuliko pima kwa sababu inauhusisha mkao. Udhaifu wake ni wepesi wenyewe. Upinde wa ratili kumi hauyabani mabega, hivyo mtu hujinyoosha kuliko atakavyoweza akishika ratili 50, na kipimo kikatoka kirefu. Wenye uzoefu humwambia avute mara kadhaa, huku akizungumzishwa, mpaka asahau kwamba anapimwa.

Kipimo cha kweli huanza upinde ukiwa mkononi. Mpigaji huvuta mbele ya shabaha iliyo karibu, macho yamefumbwa, hujiweka mahali panapomwia raha, kisha hufumbua macho. Mtazamaji asimame ubavuni kwanza, halafu nyuma. Kutoka ubavuni anatafuta uti wa mgongo ulio wima, uzito uliogawanyika sawasawa kwenye miguu miwili, kichwa kilichosimama kana kwamba hakuna upinde, na ugwe unaogusa ncha ya pua na pembe ya mdomo. Kutoka nyuma anatazama kiwiko cha mkono unaovuta. Kikiwa kwenye mstari mmoja na mshale, mvuto uko karibu na ukweli. Kikichomoza nje ya mstari, mvuto ni mfupi. Kikizunguka na kupotea nyuma ya mgongo, umezidi.

Mvuto uliozidi ndio ugonjwa wa kawaida, na dalili zake hufuatana. Ukuta ukiwa mbali, mtu huanza kwa kusukuma nyonga mbele na kulaza mgongo nyuma, kwa kuwa hiyo ndiyo njia rahisi ya kupata inchi isiyokuwepo. Kichwa hufuata mgongo. Bega la mbele, ambalo lingetakiwa kuwa chini na limetulia, hupanda kuelekea sikioni. Kiwiko cha mbele hukazwa hadi mwisho, sehemu yake ya ndani ikageukia njia ya ugwe, na ugwe ukiachiwa huuchapa mkono; wengi hununua ngao ya ngozi wakidhani tatizo ni mkono. Ugwe hubonyea shavuni, hivyo unapoondoka hupindishwa pembeni kidogo, na mishale hutawanyika kushoto na kulia bila mpangilio unaoeleweka. Jioni bega huuma. Mtu huyo akiambiwa asimame wima atasimama kwa mishale mitatu, kisha atarudi alikokuwa, maana ukuta haujahama. Makocha hupoteza miezi wakisahihisha mkao ambao hautasahihika mpaka upinde ufupishwe.

Mvuto uliopungua una madhara yake pia, ila ni machache na huonekana upesi. Mkono wa mbele unabaki umekunjika, kifua kinabanwa, misuli ya mgongo haipati kazi na mikono ndiyo inayobeba mzigo. Kulenga hukosa utulivu. Alama ya kulengea hucheza juu ya shabaha. Mtu mwenyewe husema anahisi amesongwa. Ndiyo maana pinde fupi mno hurudishwa dukani wiki ileile, wakati pinde ndefu mno huning'inia ukutani kwa miaka.

Kwa nini basi watu huchagua kuzidisha? Jibu ni kasi. Nguvu hujikusanya kwenye upinde kwa muda wote ambao ugwe unavutwa, na mshale husukumwa kwa umbali huohuo ukirudi. Inchi moja zaidi huongeza mwendo kwa karibu futi 10 kwa sekunde, sawa na mita 3. Kasi inayotangazwa na watengenezaji wengi hupimwa kwa mvuto wa inchi 30, uzito wa ratili 70 na mshale wa greni 350, ambazo ni gramu 23 kasoro kidogo. Mwenye inchi 27 hataiona kasi hiyo hata afanyeje, na kishawishi cha kujipa inchi 28 huanzia kwenye tangazo lenyewe. Biashara hiyo ni ya hasara. Mshale uliopungua mita 3 kwa sekunde hutua chini kidogo, kila mara kwa kiasi kilekile, na kulenga hurekebishwa mara moja. Mshale uliotoka kwenye mwili uliopinda hutua popote. Mwindaji wa kulungu huko Marekani, anayevizia juu ya mti katika baridi ya Novemba, anazo sababu nyingine za kupunguza: koti nene hulivimbisha bega na shavu, na ugwe ukikwaruza mkono wa koti mshale hupotoka.

Vifaa vidogo navyo huingilia hesabu. Kitanzi cha uzi kinachofungwa kwenye ugwe ili kifyatulio kishike huurudisha mkono nyuma kwa sentimita moja au zaidi, ingawa namba ya upinde haibadiliki. Kifyatulio cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono, chenye kitufe cha kidole cha shahada, huuweka mkono mahali tofauti na kile cha kushikwa kiganjani, na anayehama kutoka kimoja hadi kingine huenda akalazimika kuusogeza ukuta. Upinde wenyewe ukiwa mfupi, wa inchi 30 hivi kutoka ekseli hadi ekseli, ugwe wake hujikunja kwa pembe kali zaidi, na pua iliyokuwa ikiufikia kwa urahisi kwenye upinde wa inchi 38 sasa haiufikii. Wengi hukosea hapo. Huurefusha mvuto ili pua iguse, wakati kilichohitajika ni kukubali kwamba kwenye upinde huo pua haitagusa palepale.

Marekebisho hutegemea aina ya roda. Nyingi za sasa zina vipande vya chuma viitwavyo moduli, vyenye skrubu mbili au tatu, ambavyo huzungushwa au kubadilishwa na kuusogeza ukuta kwa nusu inchi nusu inchi. Nyingine, hasa za zamani, hudai roda nzima ibadilishwe. Vigingi vidogo vya kusimamishia, vilivyopo kwenye pinde nyingi, huruhusu marekebisho madogo zaidi, na kuusokota au kuusokotoa ugwe na nyaya zake kunaweza kuongeza au kupunguza sehemu ya inchi. Kazi hii ya mwisho aachiwe fundi mwenye mashine ya kuubana upinde, kwa kuwa msokoto mmoja huathiri pia uzito wa mvuto na wakati ambao roda ya juu na ya chini zinafika kwenye ukuta. Na katika majaribio yote haya upinde usiachiwe kamwe bila mshale: nguvu ambayo ingechukuliwa na mshale hurudi kwenye upinde wenyewe na kuupasua.

Mpangilio wa kazi nao una umuhimu. Urefu wa mvuto hutangulia, kisha uzito, kisha ndipo mishale ikatwe na tundu la kulengea lifungwe kwenye ugwe. Anayekata mishale kwanza akaja kurefusha mvuto baadaye anaweza kujikuta na mshale unaoanguka kutoka kwenye kipumzishio chake, ncha ikielekea kwenye mkono wa mbele, na hiyo ni hatari isiyo ya kufanyiwa mzaha. Mtoto apimwe upya kila anapobadilisha viatu. Mtu mzima ambaye amejifunza kusimama vizuri naye apimwe tena baada ya miezi michache, maana bega likishashuka mahali pake mvuto hubadilika, na wazee ambao mabega yao hayafunguki kama zamani hupata nafuu kubwa kwa kupunguziwa nusu inchi. Anayenunua upinde uliotumika aulize mambo mawili kabla ya kutoa pesa: ukuta wake uko kwenye inchi ngapi kwa kupimwa, si kwa kibandiko, na kama moduli za kuusogeza bado zinapatikana. Zisipopatikana, na kipimo si chake, auache.